Mkanda Uliokosa Msafiri
Tafakari ya Dominika ya Tatu ya Pasaka (Yohana 21:1-19)

Mwaka 2025 Dominika hii iliangukia Mei 4, na kwetu sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika tarehe hiyo haipiti hivi hivi. Mei 4, 1881, hapa Rumonge, waliuawa Padri Deniaud, Padri Augier na mlei Mbelgiji Félix D'Hoop, wa misioni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi hii ya Burundi, iliyofunguliwa 1879. Siku nne kabla yake, Aprili 30, jimbo letu la Bururi huwakumbuka vijana 40 wa seminari ya Buta waliouawa 1997 kwa kuwa walikataa kutengana, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Na siku moja kabla ya hiyo ni Aprili 29, tarehe ambayo katika mji huu haihitaji kuandikiwa mwaka. Yote hayo ndani ya juma moja. Mwaka huo tuliyapitia tukiwa hatuna Papa, maana Fransisko alikuwa amezikwa juzijuzi, na picha za jeneza lake zilitufikia kwenye simu kabla ya mahubiri ya mazishi kwisha.

Mimi leo nataka kusema juu ya picha za aina nyingine, zile zinazochelewa.

Mama mmoja wa parokia, ambaye sitamtaja jina, alirudi kutoka Katumba, upande wa Mpanda, pamoja na wakimbizi wa 1972 waliorejea kati ya 2008 na 2009. Tanzania ilikuwa imewapa hiari, kuomba uraia au kurudi nyumbani. Walio wengi, zaidi ya 160,000, waliomba uraia. 53,000 hivi walifunga mizigo. Katika mzigo wa mama huyu mlikuwa na kikopo cha bati, na ndani ya kikopo mlikuwa na mkanda wa picha wa zamani, ule unaoviringishwa pamoja na karatasi yake kwenye kigurudumu chembamba na kufungwa kwa utepe. Mkanda ulikuwa umekwisha kupigwa ila haujasafishwa. Baba yake alikuwa na kamera ya kisanduku, na mkanda huo aliupiga kwenye arusi ya shangazi, baada tu ya Pasaka. Mwaka ule Pasaka ilikuwa Aprili 2. Siku hizo mkanda uliopigwa Rumonge ulisubiri mtu mwenye safari ya Bujumbura, na huu ulikuwa bado unamsubiri mtu huyo Aprili 29 ilipofika.

Mama alikiweka kikopo mezani kwangu akaniuliza, "Padri, humu bado mna watu?"

Wamo, nilimwambia. Na ninapenda kueleza kwa nini wamo, kwa sababu vijana wetu wamezaliwa picha ikiwa kitu cha kugusa kioo, na hawajui ilikuwa inapita njia gani. Kamera inapofumbua jicho lake kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwanga huingia na kugusa utando wa jelatini uliopakwa kwenye mkanda. Ndani ya utando huo mna chembe za chumvi ya fedha, nyingi kama mchanga wa ufukwe wa Karonda. Kwenye kila chembe iliyoguswa zinabadilika atomi chache tu za fedha. Ukiutazama mkanda hapo hutaona kitu. Uliopigwa na usiopigwa ni mamoja. Tukio limekwisha kuandikwa, ila hakuna jicho linaloweza kulisoma.

Fundi akishaupokea hufanya kazi gizani. Mmeona kwenye sinema chumba chenye taa nyekundu, mkadhani ndimo mkanda unamosafishwa. Taa ile ni ya karatasi za kuchapia. Mikanda iliyo mingi huharibiwa hata na hiyo nyekundu, kwa hiyo fundi huuvua mkanda karatasi yake na kuuzungusha kwenye kigurudumu cha tangi kwa kupapasa, macho hayamsaidii kitu. Tangi likishafungwa kifuniko ndipo anawasha taa na kumimina divelopa. Dawa hii huzitafuta zile alama ndogo za mwanga na kuzikuza mamilioni ya mara, kila chembe iliyoguswa ikageuka fedha nyeusi. Halafu maji yenye asidi kidogo ya kuisimamisha kazi hiyo, maana divelopa isiposimamishwa haijui ikomee wapi. Halafu fiksa, ambayo huyeyusha na kuondoa chembe zote ambazo mwanga haukuzigusa. Halafu maji, tena maji mengi, kwa kuwa fiksa ikibaki kwenye mkanda itaila picha polepole, miaka mingi baadaye, iwe ya manjano na kufifia. Mwisho mkanda hutundikwa ukauke mahali pasipo vumbi.

Utaratibu huo haurukwi. Mtu mwenye shauku akiuchomoa mkanda kwenye divelopa na kuukimbiza nje auone, ataona kweli, nyuso zitakuwapo. Lakini zile chembe zisizoguswa hazijaondolewa, na sasa zinapata mwanga wa jua kwa mara ya kwanza. Nazo zitaingia giza, moja baada ya nyingine, mpaka mkanda wote uwe rangi moja. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuipoteza picha: kuifungia kikopo milele, au kuileta mwangani kabla ya wakati wake. Nchi hii tumezijaribu zote mbili.

Joto letu nalo ni adui. Dawa za picha nyeusi na nyeupe zimepimwa kwa maji ya nyuzi 20 hivi, na ziwa letu hukaa karibu na nyuzi 25. Jelatini ikipata moto hulegea, na unyevu huleta kuvu. Picha za rangi ni habari nyingine, maana dawa zake zinataka nyuzi karibu 38, na divelopa ikae dakika 3 na sekunde 15, si zaidi. Utaratibu huo Kodak waliutoa 1972, na ndio unaotumika duniani kote hata leo. Kamera ya rangi ilipozoeleka pwani yetu, studio ya mji mdogo ilikuwa inapiga picha na kupokea mikanda, lakini kazi ya rangi kwa kawaida ilipelekwa Bujumbura, kwenye mashine. Waliofikia umri wangu wanaikumbuka ile bahasha: unakwenda na risiti, unaambiwa bado, unarudi juma linalofuata, kisha unaifungua palepale mlangoni mwa studio watu wakikuchungulia begani. Nusu ya picha zilikuwa zimekata vichwa. Tulilipa zote.

Je, mkanda wa miaka hamsini na ushei unaweza kutoa kitu? Mwaka 1897 Msweden Salomon Andrée na wenzake wawili walipaa kwa puto kuelekea Ncha ya Kaskazini, wakapotea. Mwaka 1930 mabaki yao yalikutwa kwenye kisiwa cha barafu, pamoja na mikanda yao ya picha, iliyokuwa imelala kwenye maji na barafu miaka 33. Fundi mmoja wa Stockholm, John Hertzberg, aliisafisha. Kati ya picha 240 hivi aliokoa 93, na humo puto linaonekana limelala ubavu juu ya barafu, na watu wawili wamesimama wakilitazama. Ile ilikuwa baridi, ambayo huhifadhi. Mkanda wa mama yetu umepita Rumonge, umevuka ziwa, umekaa Katumba chini ya bati miaka zaidi ya thelathini na kurudi. Nilimwambia ategemee machache.

Alinyamaza muda. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo sababu ya tafakari hii. "Na kama wamo na wao?"

Nilielewa anamsema nani. Arusini walikuwapo majirani wote, na miongoni mwao alikuwapo kijana wa nyumba ya pili ambaye, majuma machache baadaye, alikuja na watu waliomchukua baba wa mama huyu. Sisemi mama huyu ni kabila gani wala kijana yule alikuwa gani. Anayebahatisha sasa hivi akumbuke Buta.

Tuyaseme basi kwa kifupi, kwa ajili ya watoto. Aprili 29, 1972, waasi Wahutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakawaua Watutsi, pamoja na wanawake na watoto. Kisha serikali ya Rais Micombero ikalipiza kwa miezi mfululizo, nchi nzima, ikiwakamata Wahutu waliosoma na wasiosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wakulima, mapadri. Padri Michel Kayoya, mshairi wetu, aliuawa Mei ya mwaka ule. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 hadi 300,000. Waliovuka ziwa na mipaka waliacha mashamba na michikichi, na mashamba hayo wakapewa wengine. Walioyakuta yamelimwa na wengine 2008 nao ni waumini wetu, na waliokuwa wanayalima nao ni waumini wetu, na wote hupokea komunyo kwenye foleni moja.

Mwanaanthropolojia wa Kifini, Liisa Malkki, aliishi na wakimbizi wa 1972 huko Mishamo na mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake kilitoka 1995. Aliona jambo ambalo sisi mapadri tungepaswa kuliona mapema. Kambini watu walikuwa wamekwisha kuwa na historia moja, inayosimuliwa kila siku kwa namna moja, nani mwema na nani mwovu. Mjini Kigoma wakimbizi walipendelea kutoonekana. Waliongea Kiswahili kama wenyeji, walioa na kuolewa, na ya nyuma waliyanyamazia. Sidhani kundi mojawapo lilikosea. Kila mmoja alifanya aliloweza ili aishi. Lakini tuliporudi Rumonge tulirudi na namna zote mbili, wanaorudia kisa kilekile mpaka kimekuwa bango, na wenye kikopo kilichofungwa kwa utepe. Mezani pamoja, baba ni wa namna ya kwanza na mama ni wa namna ya pili, na mtoto anakula kimya.

Nilimjibu mama hivi: mkanda haukuchagua. Kila aliyesimama mbele ya kamera siku ile, mwanga uliotoka usoni pake uliingia ndani. Na dawa haichagui pia. Huwezi kumwambia fundi asafishe upande wa baba yako peke yake na kuuacha upande wa kijana wa nyumba ya pili. Ama utaipata arusi nzima, ama hutaipata.

Aliondoka na kikopo chake. Alirudi baadaye, akiwa amekaa kwanza na watoto wake na kuwaambia huenda ni nani na nani wataonekana. Hilo alilifanya kwa akili yake mwenyewe, nami ndipo nilipojua kwamba yuko tayari. Mkanda ulisafiri mkononi mwa msafiri kwenda Ubelgiji. Hatukuuweka kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwa sababu mionzi ya ukaguzi wa mizigo ile huuchoma mkanda, na hata kwenye lango la abiria tulimwomba msafiri aombe ukaguliwe kwa mkono. Ulisafishwa kwa divelopa iliyopozwa, na kemikali ya kuzuia ukungu ikaongezwa, kama inavyofanywa kwa mikanda iliyozeeka. Picha zilizo nyingi zilikuwa kijivu tupu. Chache zilikuwa na watu.

Katika mojawapo bi arusi anashuka ngazi, na kuna kijana amemshikia mwavuli ili jua lisimpige. Ndiye.

Sasa twende ufukweni na mitume. Injili ya leo mnaijua kuliko walimu wa Maandiko wa Ulaya, kwa kuwa mnajua maana ya kukesha majini na kurudi bila hata ndagala mmoja. Wamevua usiku kucha, kunakucha, kuna mtu amesimama pwani, wala hawamtambui. Anawaambia watupe wavu upande wa kuume. Samaki wakubwa 153. Petro anajifunga vazi lake na kujitupa majini. Watoto wa katekesi huishia hapo, kwenye samaki, na hata mapadri wengi.

Mimi nawaomba mtazame moto. Yohana anasema walipofika nchi kavu waliona moto wa makaa. Katika Injili yake yote moto wa makaa unatajwa mahali pawili tu. Pa kwanza ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, Petro akiota moto huo usiku uleule alipomkana Yesu mara tatu. Pa pili ni hapa. Bwana aliyefufuka, ambaye angeweza kukutana na Petro mahali popote, ameuwasha moto uleule. Petro ana mkanda tumboni ambao hajamwonyesha mtu. Tangu usiku ule hatusomi popote kwamba aliwaambia wenzake, "Nilimkana." Yesu anajua umo, naye hauachi ukae humo.

Lakini tazameni anavyofuata utaratibu. Hamuulizi alipotoka majini, amelowa, akitetemeka. Hamuulizi mbele ya samaki. Anawaita waje wale. Anatwaa mkate anawapa, na samaki vivyo hivyo. Wanakula, na hakuna anayethubutu kuuliza kitu, kwa kuwa wamekwisha kujua ni nani. Baada ya kula, anasema Yohana, baada ya kula, ndipo Yesu anamgeukia Simoni na kumuuliza kama anampenda. Mara tatu, hesabu ileile. Petro anahuzunika mara ya tatu, na Yesu hapunguzi swali. Haondoi hata mara moja katika zile tatu ili kumfurahisha. Lakini kila jibu analipa kazi: lisha, chunga, lisha. Aliyekana anakabidhiwa kondoo palepale alipoumizwa na kumbukumbu yake.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu la kichungaji, na ninalisema kama hukumu, si kama shauri. Wengine kati yetu tumehubiri msamaha kwa watu ambao hawajaulizwa hata siku moja nini kiliwapata. Tumetaka msamaha utoke mkanda ukiwa bado kwenye kikopo. Na wengine, hasa kila panapokuwa na siasa, wamechomoa kumbukumbu za watu hadharani, kwenye vipaza sauti, zikaangaliwa dakika chache kisha zikageuka giza la namna nyingine, na aliyesema akabaki ameadhirika na hajaponywa. Tume ya Ukweli na Maridhiano imefukua makaburi ya halaiki sehemu nyingi za nchi. Hiyo ni kazi ya dola na ifanywe kwa haki kwa wafu wote. Kazi yetu ni ndogo zaidi na ni ya muda mrefu zaidi. Ni kuwa na chumba ambamo mtu anaweza kusema yaliyomo bila kuangaziwa taa usoni, kuwa na chakula kwanza, kumuuliza bila kumpunguzia swali, na kumpa kazi. Halafu maji mengi. Kuosha ndiko tunakokuruka zaidi, kwa sababu hakuna kinachoonekana kutokea. Mtu amekwisha kusema, amelia, tumepiga makofi, tumekwenda nyumbani. Miaka kumi baadaye picha imekuwa ya manjano na tunashangaa.

Nirudi kidogo kwenye ufundi, maana nimeulizwa na vijana wa kwaya habari za kuskani. Mkanda uliosafishwa huwekwa kwenye mashine inayopitisha mwanga upande mmoja na kuusoma upande wa pili, kisha programu inageuza, kilichokuwa cheusi kiwe cheupe. Mashine nzuri zina mwanga wa infraredi wa kutambua vumbi na mikwaruzo na kuifuta zenyewe. Kwa picha za rangi hufanya kazi vizuri. Kwa mkanda wa zamani wa fedha, fundi lazima auzime, kwani fedha yenyewe huzuia infraredi, na mashine hudhani uso wa mtu ni uchafu. Ukiiacha iendelee itamsafisha bibi yako mpaka asiwepo. Basi anayeskani mkanda wa namna hiyo huketi na kuondoa vumbi kwa mkono, doa kwa doa, akiuliza kila mara, hili ni vumbi au ni kidole cha mtoto?

Na hizi programu za simu zinazodai kufufua picha, zikatia rangi na kunoa macho, mimi sizipendi. Mama alipoleta picha yake ya mwavuli, kijana mmoja mwema aliipitisha humo ili amfurahishe. Bi arusi akatoka na meno meupe na macho ya mtu mwingine. Mama alitazama akasema, "Huyu simjui." Programu haikumkumbuka shangazi yake, haikuwa na cha kumkumbukia, ilibuni mtu wa kukaa mahali pake. Afadhali ukungu wa kweli. Iwekeni nakala ya kwanza kama ilivyotoka, na mkanda wenyewe msiutupe hata baada ya kuskani, kwa kuwa simu hufa na kadi hupotea, na mkanda uliooshwa vizuri utawazika nyote.

Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia mitaani, nyumba nyingi za pwani zilipoteza albamu. Za Wakristo na za Waislamu, maji hayakuuliza. Nawaambieni yaliyofanyika Japani baada ya tsunami ya 2011, pengine yatawafaa maji yakirudi. Watu wa kujitolea walikusanya picha kwenye matope kwa mamia ya maelfu, wakazisafisha moja moja kwa maji safi na burashi laini, wakazitundika kwenye kamba kama nguo, kisha wakazipanga ukumbini ili wenyewe waje kujitafuta. Picha zilizolowa na kugandamana usizibandue zikiwa kavu. Ziloweke kwenye maji safi ya baridi ziachiane zenyewe, kisha uzianike kivulini, uso juu. Ufanye hivyo katika siku mbili za kwanza. Baada ya hapo kuvu limekutangulia.

Mama yetu amechapisha nakala mbili za picha ya mwavuli. Moja imo kwenye kabati lake. Ya pili ameiweka katika bahasha, na jina la binti wa yule kijana ameliandika juu yake; kijana mwenyewe alikwisha kufa, na binti yake anauza samaki aina ya mukeke kwenye soko lilelile ambalo mama huuza mawese. Bahasha bado iko kwa mama. Simharakishi. Wawili hao wamekwisha kukaa pamoja kwenye msiba mmoja wa jirani na kula sahani moja, nami sikuwa na mkono katika hilo.

Juma hili nawaomba mambo machache tu. Mwenye mzee nyumbani aliyeishi kabla ya 1972 akae naye jioni moja, baada ya chakula, na picha zilizopo, hata kama ni ile moja ya kitambulisho. Muulize majina, na uyaandike nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya hadi upande wa uso. Akisita kwenye uso mmoja, acha nafasi, usimlazimishe. Mwulize tena siku nyingine. Usibandike kwa gundi. Na mwenye mkanda ambao haujasafishwa asiufungue autazame, asiuweke juu ya kabati chini ya bati, auweke mahali pa baridi na pakavu na anione ofisini baada ya misa ya pili. Aje na mtu wa nyumbani kwake atakayekaa naye siku picha zitakaporudi.